Mchumba Mstaafu

9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitamka kabla ya kufungua bahasha. Sisi huku wazima. Magoti yangu yananung'unika kila asubuhi, ila nimeyazoea, tunaishi hivyo hivyo. Mama yako hajambo, na anasema kwenye ile picha uliyotuma umekonda. Nimeitazama picha ile ile nikaona umenenepa, basi chagua wa kumwamini. Mjomba wako ameuza pikipiki yake mbovu akanunua nyingine mbovu zaidi, na anaringa nayo.

Utaona nimekuandikia "mjukuu". Tangu unaota meno nilikuwa nakuita mchumba wangu, na mtaa mzima ulikuwa unajua. Ulipoanza shule ulimwambia bibi yako mbele ya wageni afungashe vitu vyake, ahame, kwa kuwa wewe sasa ndiye unayeolewa. Marehemu alicheka hadi akakaa chini. Leo amekuja huyo fundi rangi wako, na koti ambalo nina hakika si lake, akakalia kiti changu na kutamka mbele ya watu wazima kwamba yeye ndiye mchumba. Nikatazama huku na huku nione nani atanitetea. Mama yako ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi! Basi nimejiuzulu. Sikufukuzwa, usije ukasambaza uongo. Nimejiuzulu kwa hiari, na nimeacha ofisi safi.

Sasa tuje kwenye kazi. Mbao za kitanda chenu nimeshazipata, ngumu, nyekundu, hazina fundo hata moja. Nipimie upana wa mlango wa chumba mtakachokaa, nisije nikatengeneza kitanda kikalala barazani nanyi mkalala sakafuni. Na mwambie huyo wako, anayesema atakipaka vanishi yeye mwenyewe, kwamba sijawahi kumwachia mtu amalizie kazi yangu, na siwezi kuanza na mwizi.

Usinipigie simu. Mashine ya kuranda ilishayala masikio yangu. Ukipiga, mama yako hupokea kisha ananirudishia kila neno kwa kelele, na karakana nzima inajua mambo yako. Andika.

Babu yako,
mchumba mstaafu

28 Machi

Babu, shikamoo.

Sijambo, na sijakonda wala sijanenepa, mwambie Mama ni ile kamera. Barua yako niliisomea kazini, nikafika kwenye "mchumba mstaafu" nikacheka nikasahau pasi, nikaunguza foronya ya hoteli. Msimamizi wetu alikuja mbio. Nilipomsomea hicho kipande naye akacheka, foronya ikatupwa na yakaisha. Bado tunafua mashuka ya hoteli mbili na ya hospitali kubwa. Ya hoteli yana manukato, ya hospitali yana dawa, na mimi jioni nanukia vyote.

Hilo neno ulilojiuzulu, Babu, huku limechakaa vibaya. Muuza vocha hapa chini anamwita kila mwanamke mchumba, hata mama mwenye nyumba wetu ambaye ana wajukuu wakubwa kuliko mimi. "Mchumba, leo hununui?" Dereva wa gari letu la mashuka ana mchumba kila mahali anapopakua, na mke nyumbani. Nilidhani na mimi nimeshalizoea, halitaniambia kitu. Halafu juzi mimi na Fundi tulikutana na mwajiri wake njiani, Fundi akasema, "Huyu ni mchumba wangu," akanyoosha mgongo kabisa, rangi nyeupe imemkauka kwenye nyusi. Niliona haya. Na nilitaka alirudie.

Salamu zake kwako ni hizi, nimeambiwa nisipunguze neno: "Mwambie Babu mechi imekwisha, refa ameshapuliza kipenga, asitafute penalti." Kuhusu vanishi amekataa katakata. Anasema seremala hutengeneza na fundi rangi humaliza, ndivyo dunia ilivyopangwa. Ameshanunua kopo kabisa, liko chini ya meza yangu, na ole wangu nilisogeze.

Mlango nimeupima kwa futi yake, upana wake ni sentimita themanini. Harusi ni mwisho wa Julai, wakishamaliza lile jengo la ghorofa wanalolipaka. Ni refu, Babu. Nikipita na daladala namwona juu, namtambua kwa kofia.

Mjukuu wako

14 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu zangu ni nyingi, lakini leo sina muda nazo, nina ujumbe wa mpinzani wangu. Mama yako mzima, mjomba wako mzima, pikipiki mgonjwa. Hayo yameisha.

Mwambie hivi. Refa gani huyo? Kuna muda wa nyongeza! Mimi sikulala. Kila jioni nakaa kwenye kiti changu, kile alichokikalia bila ruhusa, namwombea. Namwombea ateleze kidogo kwenye hiyo ngazi yake. Sitaki makubwa, mimi si mtu mbaya. Nataka mguu uvimbe tu, asiweze kuvaa kiatu siku ya harusi. Suti yangu nimeshaianika, ile niliyomwolea bibi yako, bado inanikaa ukiacha tumbo. Wageni wameketi, wapishi wamepakua, bwana harusi haonekani. Watu wanaanza kunong'onezana. Hapo mimi nakohoa huku nyuma, nasimama, najipangusa vumbi la mbao, nasema, "Msihangaike jamani, wa akiba yupo."

Utanikataa mbele za watu? Huthubutu.

Kwa hiyo ashike ngazi vizuri. Na hilo kopo lake la vanishi alipakie milango ya watu. Kitanda kimeshasimama miguu yote minne, bado chaga na ubao wa kichwani. Ukiona nilivyoukata huo ubao utalia.

Babu yako,
mchumba mstaafu ambaye anafikiria kurudi kazini

25 Aprili

Mjukuu wangu,

Mama yako alikuja karakana jana mchana. Nilikuwa nimeinama kwenye msasa. Hakupiga kelele kama kawaida yake. Alizima mashine mwenyewe, akanishika bega, akaweka mdomo sikioni pangu na kusema polepole. Kabla sijaelewa maneno nilishajua ni jambo zito, kwa kuwa amenisemesha taratibu.

Amesema fundi wako ameanguka, kutoka juu, ngazi ilihama. Amesema yuko hospitali na bado anapumua.

Kuna barua niliituma tarehe 14. Kama haijafika, ikifika usiifungue. Ichome. Kama umeshaifungua

Nijibu tu. Neno moja linatosha.

Babu yako

6 Mei

Babu, shikamoo.

Natumai magoti yanakusikiliza. Mimi nipo. Barua yako ya tarehe 25 imenifikia. Ile ya tarehe 14 haijafika, usijisumbue nayo, posta ya huku unaijua.

Yuko hai. Kiuno kimevunjika na ndani kuna damu iliyovuja, madaktari hawasemi mengi. Siku nyingine anaongea, siku nyingine ananitazama tu. Kofia yake ninayo mimi.

Siku ile nilikimbia hadi wodini na aproni ya kazini. Mlangoni kuna mlinzi, akaniuliza, "Wewe ni nani kwake?" Nikasema, "Mchumba wake." Akatikisa kichwa. "Humu ni ndugu tu, dada. Au mke." Nikamwambia tunafunga ndoa Julai. Akasema, "Basi Julai utaingia." Hakuwa anadhihaki, alikuwa amechoka. Akanieleza kwamba wachumba wanawasumbua, mwezi uliopita walikuja wawili kwa mgonjwa mmoja, wakapigana hapo hapo kwenye benchi. Kaka mkubwa wa Fundi alikuwa ndani. Aliniona kupitia kioo na nilidhani atakuja kunisemea. Simlaumu. Alikuwa anatazama bila kuona.

Nilikaa kwenye benchi mpaka wakanifukuza. Kesho yake nilimwendea msimamizi, nikamwomba anitoe kwenye pasi anipeleke kwenye gari la mashuka. Hakuniuliza kwa nini. Nikarudi mlango ule ule, kwa mlinzi yule yule, nasukuma toroli. Nikasema, "Mashuka." Akafungua milango yote miwili, akaikandamiza kwa mguu ili toroli lipite.

Kwa hiyo namwona kila siku, Babu. Mchumba haingii, ila mashuka yanaingia. Nambadilishia polepole kuliko wagonjwa wote, na wauguzi wameshajua, wananigeuzia mgongo. Shuka analolalia nalipiga pasi mimi mwenyewe kabla gari halijaondoka. Ukunjo wangu naujua.

Usiache kutengeneza kitanda.

Mjukuu wako

20 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeshukuru kupata barua, na nimeshukuru kuliko unavyojua kwamba ile nyingine haijafika. Ikifika, kumbuka nilivyosema. Mama yako anakuombea, na mjomba wako amesema akihitajika kubeba mtu yupo, ila asije na pikipiki.

Huyo mlinzi amenikaa kifuani. Nimepiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba hautumiki, nikimfikiria yeye. Mchumba si ndugu! Nani aliyemwambia? Nimekaa nikajiuliza ningemjibu nini ningekuwa mimi kwenye mlango ule. Mke ana cheti, anakitoa kwenye mkoba. Mama hahitaji hata kuulizwa, uso unatosha. Mchumba ana nini? Ana ahadi, na ahadi huwezi kuitoa mkobani ukamwonyesha mtu mwenye rungu. Hapo nilikwama, na nimekwama mpaka sasa. Mimi nililitumia neno hilo miaka yote kwa kukuchekesha, sikuwahi kuliuliza lina uzito gani.

Chaga nimeshapigilia. Ubao wa kichwani uko kwenye gundi. Mwambie mwenzangu kwamba kuhusu vanishi nimelegeza msimamo, tutazungumza akisimama. Mwambie hivyo hivyo, kwamba Babu amelegeza. Atashangaa.

Mpe salamu zangu. Mwambie apone.

Babu yako

11 Juni

Babu,

Shikamoo. Mama alishakuambia, kwa hiyo sitaandika tena neno lile. Ilikuwa tarehe 22, asubuhi. Barua yako yenye habari ya kulegeza msimamo ilifika siku ya mazishi, hakuisikia.

Mama alikuja, akanishika mkono muda wote. Alisema wewe umezuiwa na magoti. Sawa, Babu.

Walimpeleka kwao, kwa mama yake. Nilipanda gari la pili, pamoja na majirani na wale mafundi wenzake, ambao walikuwa wamenawa mikono lakini kucha bado zina rangi. Makaburini kaka yake alisoma wasifu. Alisoma vizuri, sauti haikukatika. Akasema marehemu ameacha mama mzazi, kaka, dada wawili na wapwa. Nikasubiri. Nilifikiri anageuza karatasi asome upande wa pili. Akaikunja akaitia mfukoni. Mwanamke mmoja aliyesimama kando yangu, aliyeniona ninavyolia, akaniuliza kwa upole kama mimi nilikuwa jirani yake. Nikasema ndiyo.

Nilivyorudi niliomba likizo ya msiba. Karani wa utumishi naye ni mtu mwema, alinisogezea kiti. Akauliza marehemu ni nani wangu. Nikamwambia. Akaniambia likizo ni ya mume au mke, mzazi na mtoto, na kwamba yeye binafsi amesikitika sana. Nikarudi kwenye pasi. Ya hospitali sikuweza, wamenipa ya hoteli.

Nimeacha kwenda na gari. Dereva juzi aliniita mchumba, kwa mazoea yake tu. Nilimtupia kitu, sikumbuki ni nini. Aliomba radhi siku nzima.

Nina swali, na nakuuliza wewe kwa kuwa umeniita majina yote tangu nizaliwe. Mke akifiwa anaitwa mjane. Mtoto akifiwa anaitwa yatima. Mchumba akifiwa anaitwa nani? Nimeuliza watu huku, wanasema utapata mwingine, wewe bado kijana. Sikuwauliza hilo. Nimeuliza naitwa nani. Nitafutie, Babu.

Kitanda kiuze. Ile barua yako ya tarehe 14 bado haijafika, nadhani imepotea kabisa.

Mjukuu wako

30 Julai

Mjukuu wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kalamu niliishika mara nyingi. Mama yako hajambo. Mjomba wako amelala siku mbili kwa malaria lakini ameinuka.

Leo ni siku ambayo ningevaa ile suti. Nimeiona asubuhi kwenye msumari nikatoka nje.

Nitakuambia jambo, maana kumwambia mama yako siwezi, na hapa karakana hakuna wa kumwambia. Si magoti yaliyonizuia kuja kwenye mazishi. Magoti yangenifikisha. Sikuja kwa sababu ya ile barua. Niliandika ndani yake jambo kuhusu yeye na ngazi. Ulikuwa utani, Mungu anajua, utani wa babu na anayemchukulia mjukuu wake, nilivyotaniwa na babu wa bibi yako nami nikarudisha. Lakini niliandika kwamba namwombea ateleze. Niliandika kwa mkono wangu nikicheka peke yangu, nikalamba stempu, nikaibandika. Na yeye akateleza. Ningesimamaje kwenye kaburi lile? Ningemtazamaje mama yake? Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu ungekuwa nao ungevunjika tarehe 14 Aprili, ingekuwa heri.

Tangu hapo simtanii mtu. Watoto wa mjomba wako walikuja wakanirukia, yule mdogo akaniambia, "Babu, leo hujaniita mchumba." Nikamwambia aende akacheze. Alikwenda akakaa ukutani akinitazama.

Jina uliloniagiza nimelitafuta. Nimewauliza wazee wenzangu, nimemuuliza na mwalimu mstaafu hapa jirani. Hakuna. Lugha yetu yote hii na maneno yake, tuna jina la mtu anayekula bila kunawa, na hilo hatuna. Nisamehe.

Kitanda sijauza. Nimekifunika magunia. Wateja wakiuliza nasema kina mwenyewe.

Babu yako

19 Agosti

Babu, shikamoo, shikamoo tena.

Mimi mzima. Salamu zote baadaye. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Barua ya tarehe 14 ilifika.

Ilifika kabla ya ile ya kuniambia niichome, kwa hiyo usifikiri nilikuasi. Mama mwenye nyumba alinipa mkononi nikiwa natoka kwenda hospitali na mashuka, nikaitia kwenye aproni. Niliifungua mimi mwenyewe kwanza, pale kwenye korido. Nilipofika kwenye maneno yako ya ngazi nilishika ukuta. Sitakudanganya, nilikukasirikia mpaka mlangoni. Baada ya mlango nikamwona amefumbua macho, ilikuwa siku yake nzuri, na akaniuliza kama Babu ameandika. Yeye hakuwa na hamu ya kitu kingine wodini mle, alikuwa anangoja majibu ya mechi yake. Ningemwambia nini? Nikasogeza toroli nikalifanya pazia, nikamsomea.

Babu, alicheka. Kiuno kile kimevunjika, na alicheka hadi machozi yakaingia masikioni, akaniomba nimpanguse, akasema inauma, inauma, soma tena pale pa kukohoa. Nikasoma tena pale pa kukohoa. Muuguzi akaja kuona kuna nini akatukuta hivyo. Tangu alipoanguka sikuwa nimemsikia akicheka, na sikumsikia tena baada ya hapo. Kicheko chake cha mwisho hapa duniani ulikiandika wewe.

Kisha akatulia, akaniambia niandike majibu. Alisema, "Mwambie Babu ameshinda. Mwambie namrudishia mchumba wake, akiwa mzima, sijamvunja mahali." Nilidhani bado anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. Nikamwambia anyamaze, nikavuta shuka kwa hasira mpaka akagumia.

Ndiyo maana nilikuandikia kwamba haijafika. Ningekuambia imefika, ungeuliza alisemaje, na mimi ningelazimika kuyafikisha maneno yale. Na ningeyafikisha, ingekuwa nimekubali kurudishwa. Sikutaka kurudishwa, Babu. Bado sitaki. Nilikuacha uteseke miezi yote hii ili nisiseme sentensi moja. Nilikuwa najua unateseka. Mama aliniambia umeacha kutania watoto.

Sasa nimeyafikisha. Ujumbe wa mtu haulaliwi.

Na kuhusu hizo dua, tangu lini wewe unaomba kila jioni? Mama anasema jioni unakoroma na redio kifuani. Ngazi ilihama kwa sababu waliisimamisha juu ya matope. Kama Mungu angekuwa anasikiliza utani wa seremala, mjomba angekuwa ameshakufa kwa pikipiki.

Nimemkabidhi dereva wa basi lile kopo la vanishi, atakuletea. Siwezi kulitazama tena chini ya meza. Kipake kitanda wewe, ukimalize, halafu nitakuja kukiona.

Umeshinda, Babu. Ndivyo alivyosema. Sasa nadhani utaanza tena kuniita lile jina, kama zamani. Sijui nitajisikiaje. Jaribu.

Mjukuu wako

8 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba. Mama yako hajambo. Alinikuta kwenye kiti changu na barua yako mapajani, akadhani kuna msiba mwingine, maana nilikuwa nalia kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii. Nikampa asome. Akakaa kwenye vumbi la mbao akalia naye. Wateja wawili waliingia wakatoka.

Pale pa kukohoa. Asante kwa kuniambia hapo. Nitakufa nayo hiyo.

Leo asubuhi nilimwita yule mtoto mdogo wa mjomba wako, nikamwambia, "Mchumba, utaninyima chai mpaka lini?" Akanirukia shingoni, meno yangu ya bandia yakataka kutoka. Basi huko tumerudi kazini.

Wewe nimekataa kukuita hivyo. Nisikilize kabla hujakasirika. Ujumbe wa mpinzani wangu nimeupokea kwa heshima zote, na jibu langu ni kwamba siutaki huo ushindi. Mimi nimecheza mpira ujanani, najua ushindi wa mezani ni nini. Ni pale wenzako wasipofika uwanjani, wewe unapewa mabao ambayo hukufunga. Timu yenye haya haishangilii hayo. Alinishinda akiwa mzima, kwenye kiti changu mwenyewe, akiwa na koti la kuazima, mbele ya mashahidi. Matokeo yanabaki hayo hayo.

Uliniuliza mchumba akifiwa anaitwa nani, nami nikahangaika kutafuta jina jipya. Sasa naona nilitafuta pasipo. Anaitwa mchumba wake. Kifo hakijafunga ndoa na hakijavunja uchumba, kimewakuta pale mlipokuwa. Mlinzi asikupe jina, karani asikupe, na kaka yake na karatasi yake asikunyime. Siku utakayotaka kuliweka chini utaliweka mwenyewe, kwa mkono wako, na sisi huku hatutauliza. Hata ikiwa ni kesho. Hata kama si leo wala kesho.

Nimekwenda kwa mama yake. Magoti yalikubali. Nilimweleza nilichoandika na alivyocheka. Akaniuliza, "Alicheka kweli?" Nikamwambia mchumba wake ndiye aliyeshuhudia. Akasema, "Mwambie mchumba wake aje anisimulie mwenyewe." Alisema hivyo, si mimi. Nenda.

Kitanda nimekimaliza. Chaga ziko imara, ubao wa kichwani umekaa, nimepiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami. Njoo ukione. Kitabaki hivyo hivyo, mbao tupu. Kopo limefika salama, nimeliweka kwenye rafu ya juu na sijalifungua. Kazi hiyo ina mwenyewe.

Babu yako,
mchumba mstaafu